Kila Mtu Anamruka Mama wa Ghorofa ya Nne

Mshauri wangu mpendwa,

Nakuandikia mikono kichwani, nisaidie kabla ya tarehe thelathini, maana siku hiyo ndipo bosi wangu atakapoamua kama hadithi yangu inabaki au inatupwa na mahali pake panawekwa muziki, na huo muziki nimeshausikia, ni kinanda kimoja kinachorudia sauti tatu tangu mwanzo hadi mwisho, na mimi sikuzeeka kwenye kazi hii ili nije kushindwa na kinanda.

Nianze mwanzo usije ukaniona mlalamishi tu. Mimi ni mwanamke mwenye mume, mama mkwe na kazi, kwa mpangilio huo au mwingine kutegemea siku. Miaka kumi na mmoja nimeandika michezo ya redio, na si kwa kujisifu lakini kuna watu waliunguza mashati kwa pasi kwa sababu mhusika wangu alikuwa anaagana na mchumba wake na wao wamesimama wanalia. Kisha kipindi kikafutwa, na shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, ambaye ni programa kwenye kampuni ndogo ya kutengeneza gemu za simu, akaniambia, "Shemeji, sisi picha tunazo, sauti tunazo, tunachokosa ni hadithi, njoo utuokoe." Nikaenda kuwaokoa. Kampuni yenyewe ni chumba kimoja juu ya duka la magodoro, meza nne, feni moja inayompepea bosi peke yake, na ubao mweupe umejaa mishale ambayo hakuna anayekumbuka ilikuwa inaelekea wapi.

Gemu yetu inamhusu fundi bomba, mwanamke, ana spana na buti za mpira, na jengo la ghorofa nane limekosa maji, kwa hiyo anapanda ghorofa kwa ghorofa akiziba na kukaza na kuruka mabomba yaliyopasuka mpaka afike juu kabisa penye tangi. Sasa ufunguo wa chumba cha tangi uko kwa mama mmoja wa ghorofa ya nne, na huyo mama ndiye anayenitoa machozi, kwa sababu tangu nishike kalamu sijaandika mtu nikampenda hivyo. Fundi akigonga, mama anafungua mlango, anamtazama toka buti hadi nywele, anasema, "Mwanangu, keti nikusimulie," halafu anasimulia kwa dakika saba. Anasimulia ujana wake, marehemu mumewe, majirani wasiorudisha vyombo, na hasa mapazia yake, na katikati ya mapazia, kwenye dakika ya sita hivi, kama umesikiliza vizuri kama mtu aliyelelewa, anataja kwamba ufunguo uko ndani ya kopo la sukari.

Jumamosi iliyopita tuliita watu kumi na wawili waje kuijaribu. Tukawapanga kwenye viti vya plastiki, kila mtu na simu yake, na mimi nikajibanza nyuma ya kabati la faili nione jinsi watakavyoguswa. Mshauri, hawakuguswa. Fundi anagonga, mama anafungua, "Mwanangu, keti niku—" na hapo hapo dole gumba linashuka kwenye kitufe cha Ruka, mama kimya. Shemeji ana kihesabu chake ndani ya gemu kinachoandika kila kitufe kinapobonyezwa, na kilituambia kwamba watu kumi na mmoja walimruka mama kabla hajamaliza sentensi ya kwanza, na yule wa kumi na mbili alikuwa amekwenda msalani akaacha simu kwenye kiti. Huyo ndiye msikilizaji wangu pekee, kiti.

Na kwa kuwa wamemruka, hawajui ufunguo ulipo, basi wakaanza kuzurura. Mwalimu mmoja wa chekechea, mtu wa heshima zake, alipanda na kushuka ngazi robo saa nzima. Kinyozi wa mtaa wa nyuma alirudi kwa mama akampiga spana mara ishirini na tatu, nilihesabu, na mama, kwa kuwa hatukumwandikia la kusema akipigwa, akabaki anatabasamu. Mimi nyuma ya kabati nilikuwa nimeuma leso. Nikamlaumu shemeji kwamba yeye ndiye kawapa watu njia ya kunidharau, akasema kitufe ni lazima, na skrini ya simu ni ndogo, ndiyo maana kitufe kile kile cha kijani anachorukia fundi mabomba ndicho kinachoruka maongezi mtu akianza kusema, kimeandikwa Ruka basi, wala sioni kama hapo kuna shida, shida ni kwamba watu wa siku hizi hawana subira na wengine hawakufundishwa kwamba mtu mzima hakatizwi.

Bosi aliwasindikiza wageni mpaka ngazini, akarudi, akakaa chini ya feni yake. "Dada," akaniambia, "hadithi yako inamsimamisha mtu foleni. Na hata akivumilia, haiishi. Mapazia, mapazia, halafu?" Nikamwambia halafu ni sanaa. Akasema sanaa nimpelekee ikiwa na mwisho kabla ya tarehe thelathini, la sivyo anaweka kinanda.

Sasa naungama, na ninaungama mawili. La kwanza, nimemwomba shemeji akiondoe kile kitufe wakati mama anaongea, ili mtu atake asitake asikilize mpaka mwisho. Alicheka kwanza, akaona sicheki, akaacha. "Shemeji, ukimfungia mtu mlango atatokea dirishani, atazima simu," aliniambia, lakini mimi ndiye niliyemlainisha mama yake akamkubali mchumba wake, kwa hiyo hawezi kuninyima, amesema nikitamka tu anakiondoa, ila lawama zikija nibebe mwenyewe.

La pili ndilo linalonikosesha raha. Huyo mama wa ghorofa ya nne ni mama mkwe wangu. Yeye sikumbuni. Mkao wake mlangoni, macho yake, "keti nikusimulie," vyote ni vyake, na hata mapazia ni hayo hayo yaliyoko sebuleni kwetu, ya kijani kibichi, alikuja nayo alipohamia kwetu miaka saba iliyopita na hataki yaguswe. Huwa anaanza, "Haya mapazia, mwanangu, alinishonea mtu ambaye sikuruhusiwa hata kumsalimia," na mimi hapo hapo huwa nakumbuka kwamba nina kazi mahali. Si kwamba simpendi. Ni kwamba ana maneno mengi na mimi nina siku fupi. Kwenye gemu mapazia niliyaanza na hiyo sentensi yake, kisha nikajaza kwa mengine ya kichwani mwangu.

Kesho yake baada ya yale majaribio, Jumapili, tumemaliza kula, akasema, "Hiyo kazi mnayoifanya wewe na huyu mdogo mtu mbona hamnionyeshi? Au ni ya aibu?" Shemeji, ambaye uchokozi ni chakula chake, akampa simu. Mshauri, mama yule ana vidole! Amevuka ghorofa tatu huku mimi naomba betri iishe, anaruka mabomba, anakaza koki, anajisifu, "Mnaona? Mnaona?" Akafika ya nne. Akagonga. Mlango ukafunguka, akatokea yeye mwenyewe, na kitenge chake kile kile, akasema, "Mwanangu, keti nikusimulie." Mama mkwe akasogeza miwani. Akasoma kile kitufe kwa sauti, "Ruka," akauliza, "Nikibonyeza hapa ananyamaza?" Shemeji akasema ndiyo. Akabonyeza.

"Mwanamke gani huyu," akasema. "Mgeni yuko mlangoni na spana mkononi, jengo zima halina maji, yeye anataka kusimulia. Hana watu kwao wa kumsikiliza?"

Shemeji akatoka kwenda kucheka kwenye ukumbi. Mimi nikabeba sahani kwenda kuziosha, na zilikuwa zimeshaoshwa.

Hakujitambua, na tangu siku hiyo nikimwona anakuja nageuza njia, na jana kaniuliza kama nimegombana na mume wangu. Basi nisaidie. Nikiondoe kitufe ili watu wamsikilize kwa lazima? Nimwambie mama mkwe, au ninyamaze, maana gemu ikitoka itafika kwa watu na wanaomjua watamtambua? Au nikubali tu kwamba kuandikia gemu si fani yangu, nirudi nikatafute redio nyingine? Jibu upesi, kinanda kinanisubiri.

Mimi,
Mwandishi Ninayerukwa

*

MSHAURI ANAJIBU

Mwandishi unayerukwa, pole sana. Haya, pole imekwisha, tuingie kazini.

Barua yako ilifika ikiwa kurasa tisa. Hii waliyoisoma wenzetu hapo juu imeshapita kwa mhariri na mkasi wake. Mimi niliisoma kabla ya mkasi, na kwa kuwa hapa tunaambiana ukweli, ukurasa wa nne na wa tano niliziruka. Zilikuwa zinaeleza historia ya kabati la faili. Sikuziruka kwa dharau, dada yangu. Nilikuwa nimeshakuonea huruma, nataka nifike haraka pale panapokuuma, na wewe umeniwekea kabati njiani.

Kitufe usikiguse. Hilo halina mjadala. Mtu asiye na njia ya kukunyamazisha hakusikilizi, anakuchukia, na shemeji yako kakwambia hivyo bure, bila wewe kuliandikia gazeti. Na kumshika mtu kwa fadhila ya mchumba ili akufanyie jambo analojua ni baya, hiyo si tabia ya mtu anayetaka kuitwa shemeji. Mrudishie neno lake leo.

Sasa sikiliza. Mimi gemu nazijua kwa kuzisikia tu, lakini hapa ofisini tuna mpanga kurasa ambaye saa ya chakula hali, anacheza. Nilivuta kiti, nikamsomea kisa chako. Nilidhani atacheka pale kwa kinyozi, hakucheka. Akaniuliza, "Huyo fundi, mama anapoongea, anaweza kutembea?" Nikarudi kwenye barua yako, sikuona. Nikamsomea tena ile sehemu ya kitufe cha kijani. Akasema, "Basi hao watu hawakumruka mama. Walikuwa wanaruka."

Soma hayo maneno tena taratibu. Ghorofa tatu nzima umewafundisha kwamba kitufe cha kijani ni miguu. Wamefika ya nne, umewasimamisha mlangoni, hawana la kufanya, dole gumba likafanya linalolijua: likaruka. Na mama akanyamaza. Kihesabu cha shemeji yako kikaandika "Ruka," wewe ukasoma kwamba umedharauliwa, ukauma leso. Neno moja limebeba kazi mbili, na wewe mwenye miaka kumi na mmoja ya kuuza maneno umeliangalia ukasema huoni shida. Shida ndiyo hiyo! Mwambie shemeji kuruka kubaki kuruka, na maongezi yapewe kitufe chao pembeni, kiandikwe "Pita" au "Inatosha, mama," vyovyote mtakavyokubaliana.

Lakini usianze kupiga vigelegele. Mama mkwe wako alikisoma kitufe kwa sauti, akauliza kinafanya nini, akajibiwa, akabonyeza. Yeye hakukosea. Dakika saba ni dakika saba, hata ukizifungia utepe.

Unajua umekosea wapi? Bado unaandika redio. Msikilizaji wako wa redio alikuwa na pasi mkononi. Mikono ilikuwa na kazi yake, masikio yalikuwa yako, ndiyo maana aliweza kusimama hapo mpaka shati likaungua. Huyu wa gemu umemshika mikono yenyewe, halafu hujaipa kazi. Ipe. Mama aongee wakati fundi anamtengenezea bomba la jikoni: nati moja, sentensi moja. Akiacha kukaza, mama naye anyamaze amtazame. Akitoka nje akarudi, mama amuulize, "Nilikuwa nimefika wapi?" Akianza kurukaruka ndani ya nyumba ya watu, aambiwe, "Shuka kwenye kiti changu, mwanangu, hicho hakijamaliza mwezi." Mapazia usiyasimulie yote. Yaning'inize pale, anayeyagusa apate neno moja, asiyeyagusa aende zake kwa amani. Na akimpiga mama kwa spana, spana ichukuliwe, aiombe kwa adabu ndipo arudishiwe. Mtu anayepigwa mara ishirini na tatu anatabasamu si mhusika, ni ukuta mliouvisha kitenge, na ukuta nani ataukalia kitako aujue?

Ufunguo nao utoe dakika ya sita. Huko kuuficha ndani ya maneno ili umkomeshe asiyesikiliza ni mtihani wa shule, na hakuna aliyekuja juu ya duka la magodoro kufanya mtihani. Weka kopo la sukari mezani, lionekane. Mama akigeuka kwenda chumbani, mwachie fundi aamue mwenyewe: auibe ufunguo apande, au asubiri apewe. Akiiba, asiambiwe kitu. Afike tu ghorofa ya tano akute milango haifunguki, maana wapangaji wameshasikia. Wewe uliyekaa kwenye majengo ya watu unajua habari inapanda ngazi haraka kuliko fundi. Hapo mchezaji atakuwa amefanya jambo lake mwenyewe na limemrudia, na hatahitaji wewe umweleze kwamba mama yule ni mtu. Hiyo ndiyo hadithi ya gemu, kwa ninavyoambiwa na mpanga kurasa ambaye mpaka sasa hajala.

Fani ni yako. Umemwandika mama mkwe mpaka mimi nimemwona. Unachohitaji ni kujifunza kunyamaza ndani ya kazi yako mwenyewe, na hilo ni gumu zaidi kwa mtu wa kurasa tisa.

Nimebakiza jambo moja, na hapa nitakuwa mkali.

Bosi wako alikuuliza "halafu?" ukamjibu sanaa. Hukuwa na sanaa, hukuwa na jibu. Hujui nani alishona yale mapazia. Hujui kwa nini kijana wa watu, au binti wa watu, hakuruhusiwa hata kusalimiwa. Miaka saba sentensi ile inaanzwa sebuleni kwako, na miaka saba unakumbuka kazi mahali. Hadithi yako haina mwisho kwa sababu uliondoka mwanzoni. Ukachukua sura ya mama wa watu, na kitenge chake, na mlango wake, ukampa dakika saba kwenye simu za wageni, na nyumbani hupati hata mbili za kumpa. Kisha kinyozi akimkatiza unalia kwamba watu wa siku hizi hawana subira!

Aliuliza, "Hana watu kwao wa kumsikiliza?" Alimuuliza mwanamke wa kwenye simu, lakini wewe ndiye uliyekimbilia sahani safi. Moyo wako ulishajua swali ni la nani. Mimi nimekukaripia kwa sababu naona unampenda, na yeye akikuona unageuza njia anadhani mumeo amekuudhi, yaani hata kwa kununiwa bado anakutakia mema.

Kwa hiyo usingoje tarehe thelathini, wala usimtume shemeji, yeye atacheka. Leo, mchana, nenda mwenyewe. Mwambie yule wa ghorofa ya nne ni yeye, na kwamba ulimwandika bila kumuomba. Akikasirika, mwombe radhi na usijitetee. Akisema hataki, mtoe kwenye gemu, hata kama hujawahi kuandika mtu bora kuliko yeye, na siku zilizobaki umtafute mwingine. Akicheka, muulize umalizie vipi. Na akianza kusimulia, zima jiko kwanza, kisha keti.